Mfupa na Kopo la Udongo

Ukimmulika paka kwa tochi usiku, macho yake yanakurudishia mwanga wako. Dereva wa lori anayekata Mikumi saa nane za usiku analijua hilo, mlinzi wa boma analijua, na mtoto aliyetumwa uani baada ya magharibi analijua kuliko wote. Katika dakika za mwanzo za 2001: A Space Odyssey, filamu aliyoiongoza Stanley Kubrick na kutoka mwaka 1968, chui amejilaza kando ya mzoga wa punda milia jangwani. Jua limezama. Chui anageuza kichwa kutazama upande wetu, na macho yake yanawaka kama vijinga viwili vilivyopulizwa. Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na kila nikifika hapo najikuta nimebana pumzi.

Hakuna aliyeyapanga macho yale. Jangwa lile tunaloliona ni la Namibia, nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa Afrika Kusini, lakini Kubrick hakulikanyaga. Alituma kikosi kidogo kikapige picha za mgando za majabali na anga, slaidi kubwa za inchi 8 kwa 10, yeye na waigizaji wake wakabaki studio za Borehamwood, kaskazini mwa London. Nyuma ya waigizaji lilitandazwa pazia la upana wa mita 27 hivi na kimo cha mita 12, limepakwa shanga ndogondogo za kioo za namna ile inayotumika kwenye alama za barabarani. Projekta ilimwaga picha ya jangwa kupitia kioo kilichosimamishwa mshazari mbele ya kamera, na kwa kuwa shanga zile hurudisha mwanga palepale ulikotoka, jangwa lilirudi moja kwa moja ndani ya lenzi. Vivuli vya waigizaji viliangukia nyuma ya miili yao wenyewe, kamera isivione. Basi nyuma ya jicho la chui kuna tabaka linalofanya kazi ileile ya shanga zile. Projekta ilipommulika akitazama kamera, jicho lake likajibu. Mwongozaji mwingine angesema picha imeharibika, irudiwe. Kubrick aliiacha.

Yule punda milia alikuwa farasi aliyekufa, akachorwa milia kwa rangi. Na wale wanyama wenye pua ndefu wanaochungachunga katikati ya zamadamu ni tapiri, ambao kwao ni Amerika ya Kusini na Asia ya kusini-mashariki. Mtu aliyezaliwa huku anawatazama na kujiuliza wamefikaje. Sisemi haya ili kuidharau kazi ile. Nayasema kwa sababu sura ya kwanza ya filamu hiyo inadai kwamba hapa ndipo binadamu alipoanzia, na anayeishi hapa ana haki ya kuingia ukumbini kwa mlango wake mwenyewe.

Mradi ulianza mwaka 1964, Kubrick alipokutana New York na mwandishi Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyekuwa amehamia Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, tangu mwaka 1956. Clarke alikuwa na hadithi fupi ya zamani kuhusu kifaa kilichoachwa mwezini na viumbe wa mbali ili kiwape habari siku binadamu atakapokifikia. Kutokana na mbegu hiyo walilea riwaya na filamu kwa pamoja, mmoja akimsukuma mwenzake, kwa miaka minne. Upigaji picha ulianza Desemba 1965, na gharama zikapita dola milioni 10, fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Walipofika kwenye sehemu ya zamadamu walikwama. Kila vazi la manyoya lilionekana kuwa mtu ndani ya vazi. Aliyewakwamua alikuwa Dan Richter, msanii wa kuigiza bila maneno. Alikwenda bustani ya wanyama ya London siku baada ya siku kumtazama sokwe mkubwa aliyeitwa Guy, akazichunguza pia picha za sokwe mtu wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, zilizotokana na utafiti wa Jane Goodall. Kwa hiyo ule mtikisiko wa mabega, ile namna ya kuchuchumaa na kutazama pembeni kwa hofu, vina asili ya Kigoma. Namibia ilitoa mandhari. Mwendo ulitoka Tanganyika. Takriban dakika 25 za mwanzo hakuna neno linalosemwa, na bado tunajua nani ana njaa na nani anaogopa.

Kisha mfupa. Zamadamu mmoja, ambaye kundi lake limekwisha tembelewa na bamba jeusi lisilojulikana lilikotoka, anachezea mifupa ya mnyama aliyekufa. Anaokota mmoja, anagonga polepole, anagonga tena, na ghafla anaelewa. Tukio hilo la kuvunjavunja fuvu ndilo pekee katika sura ile lililopigwa nje. Clarke ameeleza kwamba lilipigwa uwanjani, jirani tu na studio: jukwaa dogo, Richter juu yake na mifupa yake, magari na mabasi yakipita ng'ambo ya uwanja. Kamera ilikuwa chini ikitazama juu, hivyo mabasi hayakuonekana, ila ndege zilipopita ilibidi wasubiri. Walipomaliza, Kubrick alianza kurusha mifupa hewani, kisha akaanza kuifuata kwa kamera. Hapo ndipo ulipozaliwa mkato maarufu kuliko yote katika sinema: mfupa unapaa, unajipindua, unaanza kushuka, na mahali pake panakaa chombo kinachoelea juu ya dunia. Miaka milioni kadhaa imepita katika kupepesa kwa jicho.

Mkato huo ni hoja. Unasema kwamba chombo cha angani na rungu ni kitu kimoja, kwamba binadamu alianza kuwa binadamu siku alipojua kuua. Hoja hiyo Kubrick na Clarke hawakuitunga. Raymond Dart, mtaalamu wa anatomia aliyelitangaza kwa ulimwengu mwaka 1925 lile fuvu la mtoto wa Taung, alikuwa ameamini kwamba mifupa iliyovunjika katika mapango ya Afrika Kusini ilikuwa silaha za zamadamu wawindaji. Mwandishi Robert Ardrey akaieneza dhana hiyo mwaka 1961 katika kitabu chake African Genesis, na Clarke alikisoma mwaka 1964, wakati yeye na Kubrick wakiendelea kutafuta mwanzo wa hadithi yao. Dhana ilikuwa na mvuto kwa watu waliotoka kwenye vita viwili vya dunia na kuishi chini ya kivuli cha bomu la atomiki. Iliwapa sababu ya kale ya aibu mpya.

Baadaye alikuja mtafiti mwingine wa Afrika Kusini, C. K. Brain, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mifupa ya pango la Swartkrans. Alichukua kipande cha fuvu la zamadamu mdogo chenye matundu mawili, akaweka mbele yake taya la mnyama wa enzi hizo. Meno yakaingia matunduni kama ufunguo kwenye kufuli. Yalikuwa meno ya chui. Kitabu chake cha mwaka 1981 kilionyesha kwamba ile mifupa tuliyoambiwa ni ya mawindo ya babu zetu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mabaki ya karamu za wanyama, na wengi wa wale wazee walikuwa kitoweo.

Tangu nilipojua habari hizo, sura ile ya kwanza imebadilika machoni pangu. Hoja ya mfupa imepwaya. Lakini chui yupo palepale, ametulia, macho yanawaka, na kundi la zamadamu limejibana pangoni likisikiliza ngurumo nje. Kubrick aliamini anatengeneza filamu kuhusu silaha, na kamera yake ikanasa jambo ambalo wanasayansi walikuwa hawajalithibitisha. Hiyo ndiyo sababu naiita kazi ya sanaa na si maelezo ya nadharia. Nadharia ikianguka huanguka nayo kila kitu kilichoiegemea. Sura hii imebaki imesimama, kwa sababu watu walioitengeneza waliitazama hofu kwa uaminifu na kwa subira, wakaipa muda wa kutosha.

Subira hiyo inaendelea angani. Kwa ajili ya chombo kinachokwenda sayari ya Jupiter, kampuni ya Vickers ilijenga gurudumu la kipenyo cha futi 38 ambalo lilizunguka kweli, mwigizaji akikimbia ndani yake kama panya katika kizimba. Muziki mpya uliotungwa na Alex North uliwekwa kando, zikatumika kazi za watunzi wa Ulaya, ikiwamo waltzi ya Johann Strauss na sauti za kwaya za György Ligeti ambazo zinapanda na kushuka bila kushika wimbo. Siku ya onyesho la kwanza, Aprili 2, 1968, mjini Washington, wapo waliotoka nje kabla ya mwisho. Kubrick akakata dakika 19, akauacha ukimya wake ulivyo. Vijana wakaijaza kumbi. Mwaka uliofuata watu wakatua mwezini kweli, na waliokuwa wameiona filamu walihisi kama wanatazama marudio.

Mwongozaji wa Kisovieti Andrei Tarkovsky hakupendezwa. Alilalamika kwamba filamu za bunilizi ya kisayansi, na hii mojawapo, zinamlazimisha mtazamaji akague vyombo vya kesho kipande kwa kipande, kana kwamba waliomo ndani yake nao wanavishangaa. Mtu anayeishi na kitu hakishangai. Abiria anayepanda tramu hatazami mlango unavyofunguka, anatafuta kiti. Hoja hiyo naiona ya haki, ingawa nadhani aliitumia kujipa moyo kabla ya kuingia kazini, kama msanii yeyote anayelazimika kumpinga mwenzake mkubwa ili apate nafasi ya kupumua.

Filamu yake, Solaris, ilitoka studio za Mosfilm mwaka 1972, ikapata tuzo maalumu ya baraza la waamuzi huko Cannes. Imetokana na riwaya ya Mpolandi Stanisław Lem ya mwaka 1961, na Lem hakuifurahia hata kidogo, kwa sababu mwongozaji alikuwa ameichukua hadithi ya binadamu kushindwa kuielewa sayari, akaifanya hadithi ya mtu anayeshindwa kuachana na nyumba ya baba yake. Sehemu kubwa ya mwanzo haitoki duniani kabisa. Kris Kelvin, mwanasaikolojia, anatembea kando ya bwawa asubuhi ya mwisho kabla ya safari. Majani ya majini yanalala na kuinuka kwa mkondo. Mvua inanyesha ghafla juu ya meza ya nje, ndani ya kikombe cha chai, na Kelvin haingii ndani, anakaa analowa. Mkononi ana kisanduku kidogo cha bati. Mtazamaji wa mara ya kwanza hakioni.

Tofauti ya mapokeo mawili iko hapo. Katika filamu ya Kubrick safari ni kupanda: mnyama, mtu, na mwishoni mtoto wa nyota anayeitazama dunia kutoka juu. Jina lenyewe limechukuliwa kutoka utenzi wa Wagiriki wa kale, na tarumbeta za Richard Strauss zinazotangaza kila hatua zimetungwa kwa kuongozwa na kitabu cha Nietzsche kuhusu binadamu atakayempita binadamu. Katika filamu ya Tarkovsky, mtu aliyelelewa na sanamu takatifu za Kirusi na aliyekuwa tayari ametengeneza filamu nzima juu ya mchoraji wa sanamu hizo, Andrei Rublev, safari ni kurudi. Kelvin anasafiri mbali kuliko mtu yeyote ili apige magoti mlangoni kwa baba yake.

Kituo anachokifikia kimechakaa, nyaya zinaning'inia, watu watatu waliokuwamo mmoja amekwisha jiua. Bahari ya sayari iliyo chini yao ina uwezo wa kuchota kumbukumbu za aliyelala na kumletea mgeni. Kwa Kelvin anakuja Hari, mkewe aliyejiua miaka iliyopita. Kelvin anataka kumvua gauni lake la kahawia, anashika kamba za mgongoni, na anagundua kwamba kamba zile hazifungi chochote. Gauni halina pa kufungulia. Inabidi alikate kwa mkasi. Bahari ilichota kumbukumbu ya mwanamume, na mwanamume alikumbuka gauni lilivyoonekana, hakukumbuka linavyovaliwa. Sijui tukio jingine la sinema linalosema mengi hivyo juu ya ndoa, na limefanyika kwa nguo na mkasi tu.

Na kuna zile karatasi. Wakaazi wa kituo wamekata vipande vyembamba vya karatasi wakavibandika kwenye tundu la feni. Usiku hewa inapopita, karatasi zinachakarisha kama majani ya miti. Snaut, mmoja wa wawili waliobaki, anamweleza Kelvin kwamba lilikuwa wazo la yule aliyejiua. Sartorius, mwanasayansi mkavu wao, aliwacheka, lakini naye anazo zake, amezificha kabatini. Kubrick alijenga gurudumu la tani nyingi ili atuaminishe kwamba tuko angani. Tarkovsky alichana karatasi, akatuaminisha kwamba tuko mbali na nyumbani. Ikibidi nichague, nachagua karatasi, na nachagua bila kusita. Gurudumu nalistaajabia, ila karatasi zile nimezisikia usiku nikiwa nimelala ugenini.

Hata sauti ya filamu ilichongwa kwa mkono. Eduard Artemyev aliitengeneza kwa mashine ya Kisovieti iitwayo ANS, ambayo mtunzi huchora juu ya kioo kilichopakwa utando mweusi, akikwangua mistari, na mwanga unaopita kwenye mikwaruzo hiyo hugeuzwa kuwa sauti. Juu ya mvumo huo kikawekwa kipande kimoja cha Bach cha kinanda cha kanisani, kinachorudi tena na tena.

Filamu hizi mbili, pamoja na ugomvi wao, zinakutana mahali ambapo sikutarajia. Katika zote mbili anayekufa kwa uchungu zaidi si binadamu wa kuzaliwa. Katika filamu ya Kubrick kompyuta HAL, iliyoua wanachombo, inazimwa na mwanaanga Bowman kipande baada ya kipande, na inasema kwa sauti yake ya upole kwamba inaogopa. Mwishoni inaimba wimbo wa mapenzi wa zamani, polepole zaidi na zaidi, mpaka sauti inazama. Clarke alikuwa ameisikia kompyuta ikiimba wimbo huohuo katika maabara za Bell miaka ya mwanzo ya 1960. Hari naye, anapojua kwamba ametengenezwa, anakunywa oksijeni ya maji apate kufa, mwili wake unaganda, kisha unaanza kujirudi kwa mitikisiko ambayo ni vigumu kuitazama. Wamarekani na Warusi walikuwa wakishindana nani atafika wapi kwanza, na wasanii wao wakubwa, kila mmoja upande wake, walikuwa wakimlilia kiumbe aliyeundwa na kutupwa.

Katika Kiswahili bunilizi ya kisayansi haikuwa na fedha za magurudumu. Ilipitia kwenye karatasi. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi, na jina hilo, ambalo ni la sayari, ukilikata unasoma: wale ni sisi. Mhusika wake Dzombo anarushwa angani ndani ya chombo kwa sababu amehukumiwa. Chombo hicho ni kitanzi chake. Nimeliwaza sana jambo hilo. Bowman ametumwa na taifa lake kwa heshima. Kelvin ametumwa kukagua. Dzombo ametupwa na watawala waliotaka afe mbali na macho ya watu, na huko alikotupwa anakuta jamii inayoishi kwa usawa ambao kwao ulikuwa hatia kuutamka. Mkangi aliyaandika hayo akiwa amekwisha onja kizuizini. Kwa mtu kama huyo, anga haiwezi kuwa uwanja wa mashindano. Anga ni mahali pa kuzungumza bila kusikilizwa na askari kanzu.

Miaka kumi na minne baadaye Mkenya mwingine akaichukua kamera. Pumzi ya Wanuri Kahiu ni filamu fupi ya mwaka 2009, dakika 21 hivi, iliyopigwa Afrika Kusini na kuonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwanzoni mwa 2010. Fedha zake zote hazingetosha kujenga gurudumu la Kubrick. Tuko Afrika Mashariki ya baadaye, miaka 35 baada ya vita vya dunia vya maji. Nje ni jangwa lenye mionzi. Watu wa jamii ya Maitu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Umeme unazalishwa na watu wenyewe wakikimbia na kuvuta mashine kwa zamu. Mkojo na jasho vinasafishwa na kurudi kwenye chupa ya mwenyewe. Anayeota ndoto anaamriwa ameze kidonge cha kuzizuia. Na watu karibu hawafungui midomo kuzungumza; sauti zao zinapitia kwenye mashine. Ukimya wa Kubrick ulikuwa ukubwa wa anga. Ukimya huu ni wa watu wanaobana matumizi ya kila kitu, hata mate.

Asha, anayetunza makumbusho ya viumbe vilivyokwisha, anapokea kifurushi kisicho na jina la mtumaji. Ndani yake kuna udongo. Anaupima: hauna mionzi, una maji. Kisha anafanya jambo ambalo hakuna kipimo kinachomtaka alifanye. Anaukaribia kwa pua na kuuvuta harufu. Palepale anadondokea kwenye ndoto ya mti. Hebu kumbuka harufu ya vumbi la mvua ya kwanza, baada ya miezi ya kiangazi, inapoingia dirishani kabla ya mvua yenyewe. Kahiu anaitegemea kumbukumbu hiyo ndani yako, na anaipata. Asha anapanda mbegu moja ya makumbusho, inaota, anaomba ruhusa ya kutoka nje, anakataliwa, na anapelekwa kwenye mashine za kuzalisha umeme. Anayemsaidia kutoroka ni mfanyakazi wa usafi wa chooni, mwanamke ambaye awali Asha alimgawia maji yake.

Mwaka huohuo wa 2009 Kahiu alikuwa ametengeneza filamu ya hali halisi juu ya Wangari Maathai, mama aliyeanzisha mwaka 1977 harakati za kupanda miti Kenya, akapigwa na kudhalilishwa kwa ajili yake, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya amani ya Nobel. Bila kumjua Wangari mtu anaweza kuidhani Pumzi hadithi nzuri ya mazingira. Ukimjua, unaona kwamba ni hadithi ya kisiasa tangu picha ya kwanza. Mche ni kosa la jinai kwa sababu unathibitisha kwamba waliokwambia nje hakuna uhai walikudanganya. Neno Maitu lenyewe linafafanuliwa mwanzoni mwa filamu kwa njia ya Kigĩkũyũ: ni mama, na ukilichambua zaidi linatoa maana ya ukweli wetu.

Asha anatembea jangwani mpaka miguu inakataa. Anachimba kwa mikono, anaupanda mche, anaumiminia tone la mwisho la chupa yake. Halitoshi. Anaikamua nguo iliyofyonza jasho lake, tone kwa tone, juu ya shina. Kisha anajilaza kando yake, mwili ukiukinga mche na jua. Kamera inapanda, taratibu, mpaka yeye anakuwa nukta, na pale alipo nukta ile linaanza kusambaa jani.

Ndipo nilipokirudia kile kisanduku cha bati cha Kelvin. Alikuwa amebeba udongo wa nyumbani. Karibu na mwisho wa Solaris kinaonekana dirishani pale kituoni, kimeota mche. Tarkovsky hakukitolea maelezo hata sekunde moja. Kati ya wasafiri wa filamu hizi tatu, wa Kubrick peke yao ndio hawakubeba chochote cha kupanda. Walikuwa na vyakula vya rangi rangi vilivyosagwa kwenye sinia, na kamera za kupigia picha. Nilijaribu kutafuta mche mmoja ndani ya chombo kile cha Jupiter, nikasimamisha picha mara kwa mara. Sikuuona. Simlaumu Kubrick kwa hilo. Aliisoma hofu ya watu wake akaisema yote mpaka mwisho, nasi tumeirithi. Lakini naamini kwamba Kahiu, aliyezaliwa miaka kumi na mbili baada ya filamu ile, ameujibu mkato wa mfupa kwa mkato ambao wazee wa pangoni wangeuelewa upesi zaidi: jasho, kisha jani.

Na nje ya sinema, wazee wenyewe nao wamekutana na udongo na mbegu: huko Laetoli, katika hifadhi ya Ngorongoro, mwaka 1978, miaka kumi baada ya filamu ya Kubrick, timu ya Mary Leakey ilianza kufukua nyayo za zamadamu zilizokanyagwa katika majivu mabichi ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Wamepita wakubwa kwa wadogo, wakifuatana, hatua zikiwa za kawaida, bila kukimbia. Baada ya kuzichunguza, watafiti walizifukia tena kwa udongo ili zisiharibike. Udongo ule ulikuwa na mbegu za migunga ndani yake. Zikaota. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa taasisi ya Getty waliporudi, walikuta kichaka kimesimama juu ya njia ile, na mizizi imeanza kutafuta nafasi ndani ya nyayo. Waliikata miti mmoja mmoja, wakaitoa kwa uangalifu mizizi iliyowezekana, wakapiga picha kila unyayo, kisha wakazifunika upya kwa tabaka za mchanga na vitambaa maalumu, na juu yake wakapanga mawe.